Mia na Sabini na Moja

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa dogo, na kila nilipoligeuza lilizidi kuwa dogo na kuchoma zaidi: inakuwaje watoto wanne, walioketi mbali mbali darasani, wakosee kitu kimoja kwa namna ileile moja?

Nilikuwa na shahada ya ualimu wa hisabati, mwaka mmoja tangu nimalize chuo, na sina ajira. Nilikulia Morogoro mjini, kwenye nyumba ambayo ukifungua dirisha la jikoni unaiona milima ya Uluguru, na katika miaka yangu yote sikuwahi kuipanda. Wazazi wangu ni watu wa kuja. Baba aliletwa na kazi ya reli, mama akaletwa na baba. Kwetu milima ilikuwa kitu cha kutazama ili kujua kama nguo zianuliwe au zibaki kambani. Basi niliposikia kuna shule ya msingi huko juu, upande wa Matombo, imebaki bila mwalimu wa hisabati, nilifungasha begi nikaenda kujitolea. Mwalimu mkuu alinipa Darasa la Saba, akanipa chumba kwenye nyumba ya walimu, na akaniahidi kwamba muhula ukiisha ataniandikia barua nzuri ya kuambatanisha kwenye maombi ya kazi.

Mada niliyoikuta ni pembe, pembetatu na poligoni. Niliifurahia, kwa sababu ndiyo mada ambayo mtoto anaweza kuishika kwa mkono. Tatizo lilikuwa vifaa. Katika wanafunzi arobaini na wawili, wenye mkebe wa hisabati walikuwa wawili tu, mtoto wa mwenye duka na mtoto wa muuguzi wa zahanati. Hao ndio waliokuwa na vipimapembe vya plastiki. Wengine walikuwa na rula, na baadhi rula yenyewe ilikuwa nusu.

Chuoni tulikaririshwa kwamba mwalimu halii kukosa zana, anazitengeneza. Nikakata boksi la biskuti, nikaweka juu yake kipimapembe changu cha plastiki, nikakizungushia kalamu, nikahamisha alama za nyuzi moja baada ya nyingine kwenye ule mviringo. Katikati ya ukingo wa chini nikatoboa tundu kwa sindano. Huo ukawa mfano. Wanafunzi arobaini wakaunakili, kila mmoja akakata chake, akaandika jina lake nyuma. Nilipiga picha meza iliyojaa vipimapembe vya maboksi nikamtumia mama. Akajibu, "Safi sana, mwalimu." Niliisoma meseji ile mara nyingi kuliko ilivyostahili.

"Ukingo wa chini ulale juu ya mstari," nilikuwa nikiwaambia. "Tundu likae kwenye kona. Halafu soma mstari wa pili umepita kwenye namba gani."

Tulianza na kona za madaftari na milango. Zote zikatoa tisini, darasa likashangilia kama limefunga goli. Tukapita kwenye pembe kali na pembe butu. Tukahesabu pande za poligoni, tukazikatakata pembetano na pembesita kuwa pembetatu, ili waone kwamba ukiielewa pembetatu umezielewa zote. Siku ya jumla ya pembe nilikata pembetatu ya karatasi, nikachana kona zake tatu, nikazipanga pamoja kwenye ubao. Zikakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka.

"Mwalimu, umeshaivunja sasa," alisema mmoja wa nyuma.

"Itajengwa upya. Mstari ulionyooka ni nyuzi ngapi?"

"Mia na themanini!"

"Basi pembetatu yoyote, kubwa, ndogo, iliyolala, iliyosimama, ni mia na themanini. Ukipima ukapata pungufu, umekosea wewe. Pima tena mpaka ifike."

Sentensi hiyo ya mwisho niliisema kwa kujiamini sana. Naikumbuka mpaka sauti yake.

Wiki mbili baadaye nikatoa jaribio. Swali la saba lilikuwa na pembetatu niliyoichora mwenyewe, yenye pembe za nyuzi hamsini, sitini na sabini. Walitakiwa kupima kila pembe, kisha kujumlisha. Jioni nikakaa na karatasi kwenye ofisi ya walimu. Wale wawili wa plastiki walipata kila kitu. Waliobaki walikosea, lakini niliwahurumia, kwa sababu kila mmoja alikosea kivyake. Mmoja aliandika 46, 57, 77. Mwingine 55, 57, 68. Mwingine 50, 62, 68. Jumla zao zote zilikuwa mia na themanini. Nikawapa nusu alama kwa kuijua kanuni.

Kisha nikafika kwenye karatasi ya msichana mmoja: 46, 57, 68. Jumla, 171.

Nikaweka alama ya kosa. Karatasi ya tano mbele yake: 46, 57, 68. Jumla, 171. Nikasimamisha kalamu. Nilipomaliza rundo zilikuwa nne. Wasichana wanne, namba zilezile, na jumla ileile ambayo hakuna mtoto aliyenisikiliza angeweza kuiandika kwa akili yake.

Mwalimu wa taaluma, mtu wa makamo aliyezaliwa kijiji cha jirani, alikuwa meza ya pili anasahihisha insha. Nikamwonyesha.

"Wamekaa kikao," alisema bila kuvua miwani.

"Lakini hawakukaa karibu, mwalimu. Huyu alikuwa mlangoni, huyu nyuma kabisa, huyu..."

"Binti, wewe umesoma chuo kikuu, mimi nimesoma watoto. Mtu akikosea peke yake, hiyo ni akili yake. Wanne wakikosea sawasawa, hiyo ni njama. Wanatoka wapi?"

Nilifungua rejesta. Wote wanne walitoka kitongoji cha juu, kule ambako barabara inaisha na kinachobaki ni njia ya miguu katikati ya migomba na miti ya mdalasini.

"Si unaona? Saa nzima kushuka, saa nzima na nusu kupanda. Njiani kuna mengi."

Kuanzia hapo nikawa mpelelezi. Nilijiuliza kama walipeana ishara kwa vidole. Nilijiuliza kama mtu alifungua begi langu siku nilipotoka dukani kudurufu karatasi, nikaliacha ofisini nikaenda kunywa chai. Nilikumbuka kwamba mmoja wao alinisalimia mara mbili siku ile, asubuhi na saa nne, na salamu ya pili ikaanza kunuka. Kisha nikajiuliza jambo lililonikwamisha: mtu akiiba majibu, anaiba ya uongo ili iweje? Nikajijibu kwamba labda waliiba kwa mtu aliyekosea. Basi aliyekosea wa kwanza ni nani? Na kwa nini wote wamwamini yeye, kuliko kunisadiki mimi niliyesema mia na themanini siku nzima?

Niliwaita mmoja mmoja wakati wa mapumziko. Wa kwanza alikuwa mrefu, kimya, na kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa na kovu jembamba lililonyooka. Nililitilia shaka hata kovu.

"Ulimwangalizia nani?"

"Sikumwangalizia mtu, mwalimu."

"Jumla ya pembe za pembetatu ni ngapi?"

"Mia na themanini."

"Sasa mbona uliandika mia na sabini na moja?"

Akatazama sakafu. "Ndiyo iliyotoka."

"Ilitoka wapi?"

"Kwenye kupima. Nilipima mara tatu, mwalimu. Mia na themanini ikakataa kuja."

Nikampa karatasi ileile na kipimapembe chake cha boksi, nikamwambia apime mbele yangu. Alilaza ukingo wa chini juu ya mstari, akaweka tundu kwenye kona, polepole, kama nilivyowafundisha. Akasoma arobaini na sita. Moyoni nikasema, amekariri. Mwenye hatia hukariri. Sikuinama kutazama. Nilikuwa namtazama yeye usoni.

Wa pili alijibu hivyohivyo. Wa tatu alilia. Wa nne, mdogo kuliko wote, alikasirika.

"Kama nimekosa si unipe sifuri, mwalimu? Mbona mnaniita mwizi?"

"Hakuna aliyekuita mwizi."

"Mwalimu wa taaluma ameniita. Mbele ya watu wa Darasa la Tano."

Nilimwambia arudi darasani. Lakini majibu yao yalifanana mno, na kufanana kule ndiko nilikokuogopa. Nikaandika ripoti ya nusu ukurasa. Mwalimu wa taaluma akaongeza mistari miwili chini: wanafunzi wanne waandikwe kwenye daftari la nidhamu kwa udanganyifu, waondolewe kambini, wazazi waitwe Jumatatu. Nikatia saini.

Kambi ni ile miezi ya mwisho ambapo Darasa la Saba hulala shuleni na kusoma mpaka mtihani wa taifa. Ilikuwa ianze wiki ileile ya kikao. Kwa mtoto wa jirani na shule, kuikosa ni hasara. Kwa mtoto anayetembea saa mbili na nusu kwa siku, na akifika nyumbani anakuta kuni na mihogo vinamsubiri, kuikosa ni kuambiwa kwamba mtihani si wake. Nilijua hivyo nilipokuwa natia saini. Nilijifariji kwamba sheria ni sheria.

Ijumaa, saa kumi jioni, mtu alibisha hodi kwenye nyumba ya walimu. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, unga wa mbao umemganda kwenye nywele za mikono, amebeba chane la ndizi mbivu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Pole na kazi. Nimetoka huko juu. Mimi ni wa yule binti mrefu."

Nikaangalia ndizi, nikaelewa kila kitu, au ndivyo nilivyodhani. "Samahani sana, siruhusiwi kupokea zawadi kwa mzazi mwenye shauri shuleni."

"Hizi si za shauri," alisema, akaziweka chini kwenye baraza. "Hizi ni za kubisha hodi."

"Wewe ni baba yake?"

"Mjomba."

"Barua ilisema mzazi. Na ilisema Jumatatu."

"Ndiye mimi. Baba yake yupo, mzima, analima kwao. Mtoto ni wetu, wa ukoo wa mama." Aliona sijaridhika, akacheka kidogo. "Huku, mwalimu, ukimwita baba kwa mambo ya mtoto, umemwita mgeni. Jumatatu nitakuja kama nilivyoitwa. Leo nimekuja kuomba kitu kimoja tu. Nionyeshe hicho kipimo cha boksi."

Nilisita. Niliwaza kwamba anataka ushahidi aupoteze. Niliwaza kwamba msichana kamtuma. Hata hivyo mfano wenyewe ulikuwa mezani, na kumnyima kungeonekana vibaya, kwa hiyo nikamletea huku nimeushika upande mmoja, kama mtu anayemwonyesha mwenzake simu asiyotaka ishikwe.

Hakunipokonya. Alipiga magoti barazani, akaomba karatasi. Nikampa.

"Mimi ni fundi seremala," alisema. "Huyu binti ndiye hunishikia mbao nikikata. Kwangu tuna utaratibu mmoja. Anayeshika futi anasema alichokiona, si alichoambiwa. Ukisema unachokitaka wewe, mlango haufungi. Na wenzake watatu wakipita asubuhi kumchukua, nao huwashikisha futi, wanasema. Sasa. Hii kona ya karatasi ni pembe gani?"

"Mraba. Tisini."

"Pima."

Nililaza ukingo wa chini, nikaweka tundu kwenye kona. Tisini barabara.

Akaikunja ile kona katikati kwa ukucha, kingo mbili zikalalana bila kupishana. "Na sasa?"

"Arobaini na tano."

"Umesema unachokitaka. Pima."

Nikapima. Mstari wa kunjo ulipita kwenye arobaini na moja. Nikasogeza boksi, nikarudia. Arobaini na moja. Akaigeuza karatasi, akanipa nusu ya pili. Arobaini na moja.

"Nusu mbili ni themanini na mbili," alisema mjomba. "Nzima ni tisini. Nane zimekwenda wapi, mwalimu?"

Akanionyesha kwa ncha ya penseli aliyoitoa sikioni. Alama ya sifuri, niliyoinakili mwenyewe pale mviringo unapoanzia, haikuwa kwenye ukingo wa chini. Ilikuwa juu yake kwa nusu sentimita.

"Kipimo chako kimevaa viatu," alisema. "Ukimpima mtu urefu na viatu vyake, utamsema vibaya."

Aliinuka, akajifuta magoti. Nilimwuliza, na ninaona aibu kwamba hilo ndilo nililouliza, Jumatatu atasema nini mbele ya mwalimu mkuu.

"Sitasema kitu. Kipimo ni chako. Mimi nitakaa pale nilipoambiwa nikae."

Akashuka ngazi za baraza na kuondoka. Ndizi akaziacha.

Kwanza nilimshuku. Huenda alibadilisha boksi nikiwa nachukua karatasi. Nikaenda kabatini nikatoa vipimapembe vyote arobaini, nikavipanga sakafuni ofisini. Vyote vilikuwa na viatu. Nikaweka kile cha plastiki juu ya kimoja na hapo nikaona, kwa uwazi wa kuumiza, nilichokifanya. Plastiki ina ukanda mwembamba chini ya mstari wa sifuri, sehemu ya kushikia. Nilipokizungushia kalamu nilichora na ule ukanda. Halafu nikatoboa tundu kwenye ukingo wa chini, mahali ambapo kitovu cha kweli hakipo. Pembe mraba haikuathirika, kwa sababu mstari wake unapanda wima moja kwa moja, ndiyo maana siku ya milango tulishangilia. Pembe kali zote zikapungua.

Nikachukua pembetatu ya swali la saba. Nikaipima kwa boksi. Arobaini na sita. Hamsini na saba. Sitini na nane.

Wasichana wanne hawakuwa wameangaliziana. Walikuwa wamepima vizuri kwa kipimo kibaya.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nikavuta rundo lote la karatasi. 46, 57, 77. 55, 57, 68. 50, 62, 68. Sasa nilizisoma upya. Huyu aliongeza tisa kwenye pembe ya tatu. Huyu aliziweka kwenye ya kwanza. Huyu alizigawa, nne huku na tano kule. Karatasi zote thelathini na sita zilionyesha kwamba mtoto alikuwa amepata mia na sabini na moja, akaogopa, akatafuta mahali pa kuficha zile tisa. Na kwa kuwa kila mmoja alificha mahali pake, hawakufanana, na mimi nilikuwa nimeuona ule utofauti wao nikauita uaminifu. Waliosema kweli ndio waliofanana, nikawaandikia ripoti.

Jumamosi nzima na Jumapili nilijadiliana na nafsi yangu, na nafsi yangu ni mjadili mbaya, haikubali kushindwa wala kushinda. Nikisema, mwalimu mkuu ataniona mtu asiyejua kushika kipimapembe, na barua ya kazi itakuwa ya mistari miwili. Nikisema, mwalimu wa taaluma atasema nimehongwa ndizi. Na ndizi zipo barazani, zinaonekana. Nikisema kwamba wanne walikuwa wakweli, nimesema pia kwamba thelathini na sita walitunga, na huenda akafungua daftari la nidhamu akaanza kuandika majina mpaka wino uishe. Je, ni haki kuwatoa wanne kwa kuwaingiza thelathini na sita?

Jumapili mchana nilipata njia nzuri. Ningesema nimewasamehe. Ni wadogo, ni mara ya kwanza, mimi niliyewashtaki naondoa shauri. Wangebaki kambini, mjomba angenyamaza kama alivyoahidi, na mimi ningeonekana mwalimu mwenye moyo. Niliipenda njia hiyo kwa saa kadhaa. Niliiandika hata kwenye karatasi, nikachagua maneno. Lakini nilipofika kwenye neno "kuwasamehe" nilimsikia yule mdogo: kama nimekosa si unipe sifuri? Hakuomba huruma. Alikataa jina. Aliyesamehewa wizi bado ni mwizi, ila amesamehewa, na daftari lile linabaki shuleni miaka na miaka.

Nikaanza kuishuku hata nia yangu ya kusema kweli. Labda nilitaka kusema ili mjomba anione mwema. Nikaamua kwamba hilo halina maana. Hata likiwa kweli, zile nyuzi tisa ziko palepale.

Jumatatu saa tatu ofisi ya mwalimu mkuu ilijaa. Walikuja akina mama wawili na wajomba wawili, na wasichana wanne wamesimama ukutani. Mjomba seremala aliketi kwenye benchi karibu na mlango, kofia mapajani, haniangalii. Mwalimu wa taaluma alifungua daftari la nidhamu kwenye ukurasa mpya.

"Tunaanza," alisema. "Mwalimu mwenyewe wa somo yupo, ataeleza alichokiona."

"Sikuona," nilisema. Sauti yangu ilitoka juu mno. "Niliangalia nyuso zao, sikuangalia kipimo. Kosa ni langu."

"Binti, kaa kwanza."

"Naomba niseme nimesimama, mwalimu."

Nikakunja kona ya karatasi mbele yao. Nikampa mwalimu mkuu kipimapembe cha boksi apime nzima, kisha nusu, kisha nusu ya pili. Alipima kwa utaratibu, miwani imeshuka puani, akarudia mara mbili. Nikaweka juu yake kile cha plastiki, nikamwonyesha ukanda wa chini. Nikaeleza jinsi nilivyokata boksi la biskuti. Nikaeleza mia na sabini na moja.

Mmoja wa akina mama alimuuliza jirani yake kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo hawakuiba?"

"Hawakuiba, mama," nilisema. "Walisoma walichokiona."

Mwalimu wa taaluma alikuwa bado ameshika kalamu. "Na hao wengine waliopata mia na themanini? Walitumia maboksi hayohayo."

Hilo ndilo nililoliogopa siku mbili. "Niliwaambia ikipungua wamekosea, wapime mpaka ifike. Ikagoma kufika. Wakanitii kwa namna waliyoweza. Kama kuna jina la kuandika humo, andika la aliyewaambia hivyo."

"Na hizo ndizi nilizoziona barazani kwako?"

"Nililetewa. Nilizikataa, zikabaki. Ukitaka kuandika na hizo, andika."

Alinitazama. Kisha akamtazama mjomba, ambaye alikuwa anatazama dari kama mtu anayekagua kenchi za paa zilizofungwa na wenzake. Mwalimu wa taaluma akaguna, ule mguno wa mtu aliyeshindwa na hataki kupewa pole, akafunika kalamu yake.

"Chuo kikuu," alisema. "Mnapewa digrii hamjui digrii moja inaanzia wapi."

Wazazi walicheka. Mimi pia, ingawa ilichoma. Mwalimu mkuu hakucheka. Alivuta ripoti yangu ya nusu ukurasa, akanirudishia pamoja na kalamu, akasema niandike chini yake kwa mkono wangu kwamba naifuta, na sababu. Niliandika kwamba wanafunzi wanne walipima sahihi, kwamba kifaa nilichotengeneza mimi kilikuwa na kasoro, na kwamba wanabaki kambini bila doa. Nikatia saini na tarehe. Kuhusu barua yangu hakusema neno, na mimi sikuuliza.

Kisha nikaenda darasani. Wale wanne waliingia mbele yangu wakaketi mahali pao, darasa zima linawatazama kuona kama wanabeba madaftari waondoke. Nikawaambia wanafunzi wote nilichowaambia wazazi kule ofisini, bila kupunguza. Nikawaambia kwamba mwezi huo, kwa maboksi yangu, mia na sabini na moja ndilo lilikuwa jibu la kweli la swali la saba, na kwamba siku nyingine wakipima kitu kikakataa kufika ninapotaka mimi, waniite, tuinamie sote kile kipimo. Kisha nikachukua kalamu nyekundu, nikatandaza karatasi arobaini na mbili mezani, nikaanza kufuta alama, moja baada ya nyingine, mbele yao.